Kitereza au Kezilahabi: kikundi chetu Tabora kianze na kipi?

Mwembe wa Cheyo:
Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu cha kusoma hapa Tabora mjini kina walimu, fundi cherehani, mama lishe na vijana waliomaliza kidato cha sita. Tunataka riwaya ya maisha ya nyumbani kijijini, ya zamani. Mezani zipo tatu: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* ya Aniceti Kitereza kwa Kiswahili, hiyohiyo kwa Kiingereza cha Gabriel Ruhumbika, na *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi. Waandishi wawili na mfasiri, wote wazaliwa wa Ukerewe, sijui kisiwa kile wanakunywa maji gani. Waliosoma watushauri kabla hatujachangishana.

Mgebuka wa Ujiji:
Rosa Mistika, sina hata cha kufikiri. Ni ya 1971, fupi, inakwenda mbio. Zakaria mlevi, Regina amebeba nyumba peke yake, binti anatoka kwenye ukali wa baba na kuingia duniani bila breki. Ilipigwa marufuku mashuleni enzi hizo, vijana wenu watataka kujua kwa nini. Kitereza nilimwanza kwenye treni pale Kigoma. Tumefika Tabora, Myombekere bado anasalimiana na wakwe.

Bibi wa Kasulu:
Mgebuka mwanangu, umenichekesha, lakini hizo salamu ndizo kitabu chenyewe. Ndugu wa mume wamemtukana Bugonoka kwa kukosa mtoto, wazazi wake wamekuja kumchukua. Sasa bwana anakwenda ukweni kuomba mke wake. Ulitaka aingie na kusema "nipeni mtu wangu"? Huku kwetu Buha ukienda ukweni na jambo zito unaulizwa kwanza ng'ombe, mvua, wagonjwa, na wewe unajibu kimoja kimoja huku tumbo linakuuma. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na Kitereza anakutembeza hatua kwa hatua mpaka pombe inaiva, majirani wakiwa wamekuja kusaidia. Mama yangu alikuwa akifukia ndizi shimoni, akizimenya, tunazikamua kwa majani mpaka mikono inanata, kisha unakuja mtama uliokaangwa na kusagwa. Niliposoma kurasa zile nilisikia harufu yake. Mwandishi mwingine angesema "akatengeneza pombe" akapita.

Karani Mstaafu, Urambo:
Naunga mkono, na msisahau mwandishi mwenyewe. Alizaliwa 1896, akasomeshwa na wamisionari mpaka seminari ya Rubya, Kilatini anakijua. Alimwoa Anna Katura, na watoto wao wote walikufa wadogo. Mtu huyo ndiye akaandika riwaya ya mume na mke wanaotafuta mtoto, na mume anayekataa kumwacha mkewe. Alimaliza 1945, kwa Kikerewe, na hakupata wa kuichapa. Baadaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House ikaitoa 1980. Mzee alifariki 1981, kitabu hakijamfikia mkononi.

Halafu angalia jambo moja: msomi wa mapadri, lakini riwaya yake ni ya kabla ya ukoloni. Padri hayumo, mkusanya kodi hayumo. Bugonoka anatibiwa na mganga kwa dawa za miti, na mwandishi hamcheki wala hamhukumu.

Mwembe wa Cheyo:
Na ya Kiingereza je? Walimu wetu wanaipigia debe.

Asali ya Sikonge:
Ninayo. Ruhumbika alifasiri moja kwa moja kutoka Kikerewe, Mkuki na Nyota wakaitoa 2002, zaidi ya kurasa 600. Utangulizi wake kuhusu maisha ya mzee ni mzuri sana, mwalimu mmoja ausome awasimulie wengine. Ila kikundi chenye mama lishe na fundi mkisome Kiingereza cha nini, wakati mwandishi mwenyewe alihangaika kukiweka kwa Kiswahili? Tabu ni kwamba ya Kiswahili niliikosa madukani, nikaishia kuazima. Na niseme ukweli, sehemu ya watoto, Ntulanalwo na Bulihwali, inalegea. Mzee anataka kuingiza kila mila na kila ugonjwa, hadithi inamsubiri nje.

Mgebuka wa Ujiji:
Asante, Asali, umenisaidia. Mimi bado nasema Kitereza anakipenda mno kijiji chake. Kezilahabi anakuonyesha nyumba ikivunjika.

Bibi wa Kasulu:
Kwani Bugonoka alipotukanwa mpaka akarudishwa kwao, nyumba ilikuwa inajengwa? Tofauti ni kwamba Myombekere alikwenda kumfuata. Zakaria hafuati mtu.

Mgebuka wa Ujiji:
Hapo bibi umenifunga mdomo. Shikamoo.

Bibi wa Kasulu:
Marahaba. Na ukimaliza kile kitabu, niletee dagaa.

Mwembe wa Cheyo:
Nimewasikia. Tutaanza na Kitereza wa Kiswahili, sehemu ya wazazi tu, tukisoma kwa sauti kwa zamu. Mtoto akizaliwa tunasimama, tunachukua Rosa Mistika. Sasa, nani hapa Tabora au Kigoma ana nakala ya kuazima? Tutaifunga jalada la karatasi, na gharama ya kuituma kwa basi ni juu yetu.