Mti mkubwa karibu na nyumba: nimpe nani kazi, na nimwulize nini kabla hajashika msumeno?

Mwenye nyumba:
Habari zenu, ndugu zangu. Nyuma ya nyumba yangu kuna mti mkubwa nilioukuta nilipohamia, na tagaa lake moja limepita juu ya paa la chumba wanacholala watoto. Tangu upepo wa wiki iliyopita sipati usingizi wa kutosha. Mafundi wawili wamekuja kuutazama. Wa kwanza alisimama mlangoni kwa muda usiofika dakika mbili, akasema mti lazima uangushwe, akanitajia bei na kuniambia kwamba angeanza siku hiyo hiyo iwapo ningemlipa fedha zote. Wa pili, ambaye bei yake ni kubwa zaidi, aliuzunguka mti, akagongagonga shina kwa nyundo ya mbao, akafukua udongo kidogo penye mizizi, kisha akasema kwamba haoni sababu ya kuuangusha na kwamba kuliondoa tagaa hilo kunatosha. Mke wangu anakipenda sana kivuli cha mti huu. Naomba ushauri wenu.

Mpogoaji:
Ndugu yangu, nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na nakusihi umsikilize yule wa pili. Alipogonga shina alikuwa akisikiliza, kwa sababu shina lililooza ndani hutoa mlio wa uwazi, kama wa pipa tupu. Penye mizizi alikuwa akitafuta uyoga unaoota kwenye mti, udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja, na mizizi iliyokatwa na wajenzi. Mti ulioinama tangu ujana wake unaweza kusimama hivyo maisha yake yote. Wa kuhofiwa ni ule ulioanza kuinama juzi, udongo wa upande wa pili ukiwa umeinuka.

Mwulize tagaa hilo atalikata vipi. Anayeijua kazi atakuambia kwamba kwanza analikata kwa chini, takriban sentimita 30 kutoka shinani, bila kufika katikati. Kisha analikata kwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, ili uzito wake usichune gome la shina. Na mwisho anaondoa kipande kilichobaki, nje kidogo ya kile kivimbe cha gome kilichopo tagaa linapokutana na shina. Kivimbe hicho kisiguswe, kwani ndicho kinachofunika jeraha. Alex Shigo, mtafiti wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti ili kuona jinsi uozo unavyosambaa ndani yake, alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama mwili wa mtu unavyofanya, bali hukizungushia kuta. Kwa hiyo asikuuzie rangi wala lami ya kupaka pale palipokatwa, maana haizuii uozo.

Akikupendekezea kukata kilele chote ili mti "upungue", mkatalie. Mti uliokatwa kichwa huchipuza haraka, na machipukizi hayo hushikilia kwa juujuu tu, kwa hiyo baada ya miaka michache unakuwa na hatari kubwa kuliko ya mwanzo. Vilevile, ikiwa mti unabaki, asiupande kwa viatu vyenye miiba ya chuma, kwa kuwa kila mchomo ni jeraha jipya.

Jirani aliyeumia:
Mimi nilichagua bei ndogo. Gogo liliangukia ukuta wa jirani, na ndipo nilipogundua kwamba mafundi wale hawakuwa na bima yoyote. Ukuta niliujenga upya kwa fedha zangu, na uhusiano wetu na jirani haujarudi ulivyokuwa. Omba kuonyeshwa bima mbili, ya wafanyakazi wakiumia na ya mali ya watu wengine ikiharibika, kisha ipigie simu kampuni ya bima yenyewe uhakikishe kwamba haijaisha muda wake.

Pia andikianeni. Mimi nilidhani "kuondoa mti" ni pamoja na kisiki, kumbe wao walimaanisha kuuangusha tu. Matawi yalibaki uani kwa wiki kadhaa. Iandikwe nani anabeba kuni na takataka, na kama kisiki kitasagwa, kisagwe hadi kina gani, kwa kawaida kati ya sentimita 15 na 30. Usilipe zote kabla ya kazi kumalizika.

Msomaji mwingine:
Naongeza mawili tu. Uliza mamlaka ya eneo lako kama mti huo unahitaji kibali, kwa sababu miti mingine inalindwa hata ikiwa uani kwako. Na kama kuna waya wa umeme karibu, shirika la umeme liarifiwe kwanza, asipande mtu.

Mwenye nyumba:
Nawashukuru kwa dhati. Nimempigia simu yule wa pili. Bima zote mbili anazo, na nimezithibitisha. Nilipomwuliza kuhusu tagaa, alinieleza mikato mitatu kama alivyoiandika Mpogoaji, akaongeza kwamba kila kipande kitafungwa kamba na kuteremshwa polepole ili kisiguse paa. Mkataba tunatia saini kesho. Hadi kazi iishe, watoto watalala chumba cha mbele.