Sebule ndogo: kabati la vitabu litoke, PS4 ya gemu iingie?

Mpangaji_wa_Tabata
Wakuu habari za jioni. Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo imebidi niandike.

Nina miaka 38, nimepanga chumba na sebule. Ukishaweka sofa la watu wawili na stuli, unabaki ukuta mmoja tu wa maana. Ukuta huo una kabati la vitabu la mninga, refu kama mlango, na pembeni yake kiti cha kuegemea, taa ya kusomea na jagi la kuchemshia maji. Hapo mimi nataka niweke TV ya inchi 43 na PS4. Natoka kazini saa kumi na mbili, foleni ya Mandela inanimaliza, nikifika nyumbani nahitaji kitu cha kutuliza kichwa. Nikicheza mechi mbili nalala vizuri. Vitabu havijaguswa na mtu miezi minne sasa.

Swali: kwa sebule kama hiyo, kipi kinaleta raha zaidi nyumbani? Na je, vitabu vikikaa kwenye maboksi ndani ya stoo isiyo na dirisha vinaharibika? Natanguliza shukrani.

Siti_ya_Mbele
Nimekaa hapa na karanga zangu. Ngoja wajuzi waje.

Uniti_Mbili
Mimi nianze na umeme wa LUKU, maana ndiko nyumba za kupanga zinakovunjikia. PS4 Slim ikiwa kwenye gemu inakula kama wati 100, TV yako weka wati 70. Saa tatu kila siku ni nusu uniti, kwa mwezi uniti 15. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi zake, hiyo ni kama 5,400. Si hela ya kugombania, lakini kama mita mnachangia, sema mapema. Pale nilipopanga zamani, jirani alinunua friji kimya kimya. Tulinuniana mwaka mzima, hadi watoto wakakatazwa kucheza pamoja. Mimi ndiye niliyehama, na friji yenyewe baadaye aliiuza.

Mama_Nasri
Stoo bila dirisha usithubutu. Joto la Dar na unyevu wake, karatasi inavuta maji, inaota ukungu, na mende wanapenda gundi ya mgongo wa kitabu kuliko wanavyopenda mkate. Daftari zangu zote za kidato cha nne zilikwenda hivyo, nilikuta unga. Kama huna budi, nyanyua maboksi juu ya mbao yasiguse sakafu wala ukuta, weka naftalini, na kila mwezi vitoe vipate hewa.

Ila mwanangu, hicho kiti na hiyo taa ni vya nani? Kwa maelezo yako mwenyewe, wewe kazi yako ni mechi.

Mpangaji_wa_Tabata
Asante kwa hesabu ya umeme. Mama Nasri, kiti ni cha mke wangu. Na vitabu ni vya kwake pia, lakini nyumba ni yetu sote na kodi nalipa mimi.

Mtumishi_wa_Mungu
Ndugu yangu, mwanamume wa miaka 38 na gemu! Wenzako muda huo wako kwenye maombi au wanaongeza kipato. Nyumba inajengwa kwa hekima. Muulize mkeo anataka nini, umalize mada.

Dogo_wa_Banda
Mtumishi, hapo sikubaliani nawe. Mimi nimekulia banda la gemu Temeke, mia tano mechi, anayefungwa anapisha. Pale nilijifunza kufungwa bila kununa, na marafiki niliowapata hapo ndio walionibebea jeneza la mama. Gemu si utoto. Hata gemu la mpira la FIFA lilipobadilishwa jina, ikaja FC 24 mwaka 2023, bandani watu walibishana wiki nzima kama wazee wa kahawa. Mleta mada ana haki ya kupumzika. Swali langu ni moja: mke yuko wapi miezi minne?

Siti_ya_Mbele
Naongeza karanga.

Mpangaji_wa_Tabata
Yuko Korogwe, anamuuguza mama yake. Tunaongea kila siku, hakuna ugomvi. Hili la sebule sijamwambia, nataka akirudi akute nyumba imependeza. Nimeshanunua kapeti jipya na feni ya kusimama. Jamani, mtu akikaa peke yake miezi minne sebuleni anakodolea macho kabati, hamjui linavyokuwa. Wengi wenu mnahukumu tu.

Fundi_Feni
Mkuu samahani. Wiki mbili zilizopita uliuliza kwenye uzi wa gemu kwa nini PS4 inaunguruma kama mashine ya kusaga. Nilikujibu mimi: vumbi kwenye feni, na pasta ya kupoza chipu imekauka. Sasa leo PS4 "unataka kuiweka". Si ipo tayari?

Mama_Nasri
Aisee.

Mpangaji_wa_Tabata
Sawa, ngoja niseme yote. PS4 nimeinunua Kariakoo, ya mtumba. Pesa haikutosha, nikapata mtu anayenunua vitabu vya zamani kwa pamoja, akanipa advansi ya laki na nusu. Vitabu vimo kwenye maboksi matano, anakuja kuvichukua Jumamosi. Vilikuwa vya marehemu baba mkwe, mwalimu. Mke wangu alivirithi.

Kabla hamjanirukia: vingine vimeliwa kona, vingine havina jalada. Siku hizi mtu akitaka kusoma anasoma kwenye simu. Na hela iliyobaki ingemnunulia kitanda kizuri, maana mgongo unamsumbua. Sikuwa na nia mbaya.

Mtumishi_wa_Mungu
Mali ya marehemu! Rudisha hela ya watu leo hii.

Uniti_Mbili
Kwenye simu hasomi mtu, tunapitisha vichwa vya habari tu. Mimi kitabu cha mwisho nilikimaliza umeme ulipokatika siku mbili.

Mwl_Kidato_cha_Sita
Nimefundisha fasihi miaka 22. Kabla ya lawama, tuambie ni vitabu gani. Kuna vya kawaida, na kuna ambavyo ukivitoa huvipati tena.

Mpangaji_wa_Tabata
Mwalimu, nakumbuka Kuli, Rosa Mistika, vya Shaaban Robert kadhaa, kamusi, na Vuta N'kuvute yenye sahihi ya mzee ya 1994. Hiyo naikumbuka kwa sababu ilikuwa juu kabisa.

Mwl_Kidato_cha_Sita
Kuli ni ya 1979, hapo sina neno. Rosa Mistika ilitoka 1971 na ikazuiwa mashuleni. Sisi tuliisoma imefunikwa kwa jalada la kitabu cha jiografia, na mwalimu aliyetukamata naye akaondoka nayo akaisome. Lakini Vuta N'kuvute imechapwa 1999. Mzee aliwekaje sahihi 1994 kwenye kitabu ambacho hakijatoka? Nasikitika kusema hivi, ila nimepoteza nusu saa yangu.

Dogo_wa_Banda
Chai! Tena ya maziwa, na sukari juu.

Siti_ya_Mbele
Nilihisi. Mke Korogwe, mama mgonjwa, urithi, mnunuzi wa Jumamosi. Imepangika mno. Picha iko wapi?

Fundi_Feni
Wakuu, uzi wa feni ulikuwa wa kweli, alituma hadi sauti yake. Mpeni nafasi aeleze.

Mama_Nasri
Uongo au kweli, kuna mwenye maboksi stooni anasoma hapa. Naftalini, msisahau.

Mpangaji_wa_Tabata
Nimetoka stoo sasa hivi. Nimefungua boksi la tatu ndipo nikakiona.

Mwalimu uko sahihi, ni 1999. Tisa ya mwisho ya mzee haikufungwa juu, mimi niliipitia haraka nikaisoma nne. Picha siweki, maana chini ya tarehe kuna mstari ambao sikuwa nimeusoma: "Mama, hiki utakisoma ukifika kidato cha tano. Baba." Alikuwa akimwita hivyo kwa sababu ana jina la bibi yake. Mwaka huo mke wangu alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Na ndani kuna risiti ya LUKU ya mwezi wa pili, ameiweka ukurasa alioishia. Aliondoka Februari. Kumbe alikuwa anakisoma tena.

Mwl_Kidato_cha_Sita
Nakuomba radhi mbele ya wote. Hicho hakina bei.

Uniti_Mbili
Laki na nusu ya mtu utairudishaje?

Mpangaji_wa_Tabata
Nimempigia mara tatu, hapokei. PS4 naiuza: GB 500, pedi mbili. Mwenye nia ya kweli aje inboksi kabla ya Jumamosi.

Dogo_wa_Banda
Usiuze kwa hasira mkuu. TV ifunge juu ya sofa, sofa lihamie upande wa pili, kabati libaki lilipokuwa.

Mpangaji_wa_Tabata
Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Na sofa likihama mlango haufunguki, nilishajaribu.

Mama_Nasri
Mkeo umeshampigia?

Mpangaji_wa_Tabata
Bado. Kwanza nivirudishe kabatini. Tatizo sikumbuki alivipangaje.

Fundi_Feni
Kabla ya kuiuza usiifungue mwenyewe, hiyo pasta ina ufundi wake. Nakusafishia bure, itapata bei. Uko Tabata ipi?

Mpangaji_wa_Tabata
Kimanga. Nakuja nayo kesho nikitoka kazini.