Maji ya mvua yameingia kwenye soketi ya ukutani, nisubiri ikauke au nibadilishe?

Mama_Gungu
Habari wakuu. Niko Gungu hapa Kigoma, mvua ya jana usiku ilikuja na upepo mkali ikainua bati upande wa chumba cha watoto, maji yakapita kwenye singibodi yakashuka ukutani mpaka kwenye soketi ya chini. Asubuhi nakuta maji yanadondoka kwenye tundu za soketi. Kilichonitisha zaidi, nimegusa ukuta pale pembeni nikahisi umeme unanichomachoma mkononi, halafu breka haijashuka, taa zinawaka, friji inaunguruma kama kawaida. Baba mkwe anasema maji ya mvua hayana chumvi kwa hiyo hayapitishi umeme, tuache jua litakausha. Nina mtoto anatambaa, sina amani kabisa. Naombeni msaada.

Fundi_Ujiji
Dada kabla hujaendelea kusoma nenda kazime meni swichi, nyumba nzima, vaa viatu vikavu na mikono ikaushe kwanza. Kama pale kwenye meni kumelowa usiguse, piga simu tanesco waje wakate kwenye nguzo. Mtoto asiingie chumba hicho. Ukuta ukikuchoma ujue umeme umeshatoka kwenye soketi uko ukutani.

Breka kutoshuka ni kawaida, na hapa ndipo watu wanapoteza maisha. Breka za soketi ni ampia 16, 20, mpaka 32, inakata umeme ukizidi hapo au kukiwa na shoti kamili. Maji yanavujisha kidogo, tuseme miliampia 50 (ampia moja ni miliampia 1,000), breka haina habari nayo. Lakini mwili wa binadamu kwenye miliampia kama 10 misuli inakaza unashindwa kuachia ulichoshika, zikifika 30 na zaidi zikapita kifuani moyo unaweza kupoteza mapigo. Kinachoona uvujaji huo ni RCD, kifaa cha kukata umeme unaovuja, yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda na laivu na unaorudi na niutro, ikikuta tofauti ya miliampia 30 inakata hapohapo. Nyumba nyingi za huku hazina, na ethi nyingi, yaani waya wa kushusha umeme unaovuja ardhini, rodi imechomekwa tu ilimradi.

Ticha_Isevya
Mimi niko Tabora, nafundisha fizikia. Baba mkwe hajakosea yote. Maji masafi kabisa yanapitisha umeme kidogo mno, kinachobeba umeme ndani ya maji ni ayoni za chumvi zilizoyeyuka. Maji mazuri ya betri ukiyapima hayafiki maikrosimensi 10 kwa sentimita (ndiyo kipimo cha maji kupitisha umeme), ya ziwa Tanganyika ni kama 650, ya bahari karibu 50,000. Mvua ikiwa hewani iko karibu na yale ya betri, lakini hayo yaliyofika kwenye soketi yako yameshaosha vumbi la bati, kinyesi cha ndege, mbao, yakapita kwenye plasta ya sementi ambayo ina chokaa, kwa hiyo yakifika chini yameshakuwa maji mengine kabisa. Na umeme wetu ni volti 230, hauhitaji njia nzuri sana.

Kijana_Mwanga
Sasa ticha ikishakauka si inakuwa salama? Kuna watu wanapuliza na drai ya nywele wanaendelea kutumia.

Ticha_Isevya
Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Inaganda kwenye plastiki kati ya laivu na ethi kama ukoko kwenye sufuria, usiku unyevu ukirudi njia inafunguka tena, zinapiga cheche ndogondogo, plastiki inaanza kuwa mkaa, na mkaa unapitisha umeme hata ukiwa mkavu. Moto mwingi unaanzia hapo. Hata kwenye LUKU utaona, uvujaji wa ampia 0.1 tu ni wati 23, usiku na mchana inakula zaidi ya nusu yuniti.

Mama_Gungu
Asanteni sana, nimezima na watoto nimewahamishia kwa bibi yao. Fundi wa mtaani amefungua, skrubu za shaba zimeshaota kijani, anasema atabadilisha soketi jioni anawasha. Inatosha?

Fundi_Ujiji
Haitoshi dada. Ule ukijani maana yake maji yamekuwa yakiingia siku nyingi siyo jana tu. Soketi mpya sawa, lakini bomba la nyaya lililo ndani ya ukuta linakuwa na maji yametuama, na yatashukia tena kwenye hiyo mpya. Avute nyaya, bomba likauke, akiona ganda limepasuka aweke nyaya mpya. Bati lipigwe kwanza kabla ya yote. Halafu achomoe vifaa vyote apime na mega, kile kipimo cha kuona kama nyaya zinavujisha umeme, kwa volti 500, laivu na ethi, niutro na ethi, isisome chini ya megaomu 1. Akikuambia tesita ya bisibisi inatosha, tafuta mwingine mwenye mega, ukuta ukiwa bado mbichi hiyo meni isiwashwe.