Marisau ya chuma kwenye shotgani ya zamani ya mitutu miwili: inawezekana?

Kasiba12: Wakuu, naomba ushauri. Nina shotgani ya Birmingham, geji 12, mitutu sambamba, chemba (sehemu ya kuwekea katriji) inchi 2½. Ina alama ya NP chini ya taji, yaani ilipimwa kwa baruti isiyo na moshi. Mtutu wa kulia una choki (mbano wa mdomoni) ya robo, wa kushoto choki kamili. Kwenye maeneo oevu ninakowinda bata, marisau (punje) ya risasi, ile metali laini, hayaruhusiwi tena. Nikipiga ya chuma nitaiharibu? Na mimi mwenyewe je, nitakuwa salama?

FundiMitutu: Mkuu, mtutu wa kushoto usithubutu. Risasi ni laini, ikifika kwenye choki inabonyea na kupita. Chuma hakibonyei: punje zinabanana, zinasukuma ukuta wa mtutu kwa nje, na unabaki uvimbe wa mduara kwenye choki au nyuma yake kidogo. Kwa mitutu miwili madhara yanasambaa, kwa sababu mitutu na mbavu zake, yaani vipande virefu vinavyoiunganisha, vimeshikana kwa lehemu. Mtutu ukivimba, lehemu inaachia. Choki kamili hubana kama mm 1. Kwa chuma usivuke nusu, yaani mm 0.5, na kwa bunduki ya umri huo naishia robo.

Mpimaji: Hatari kwako wewe inaanzia kwenye chemba. Inchi 2½ ni mm 65. Namba iliyoandikwa kwenye katriji ni urefu wa ganda likishafunguka, kwa hiyo katriji ya mm 70 itaingia vizuri tu kwenye chemba yako, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ikilipuka, mdomo wa ganda unafungukia ndani ya koo la mtutu, njia inabanwa, shinikizo linapanda.

Soma pia boksi. Katriji ya kawaida ya geji 12 haizidi bar 740, ya nguvu ya juu hufika bar 1050. Hiyo ya pili inataka bunduki yenye alama ya ua la yungiyungi. NP ya zamani haitoshi hata kidogo.

Kasiba12: Kwa hiyo mtutu wa kulia peke yake, katriji ya kawaida ya mm 65, sawa?

FundiMitutu: Sawa, ila ipimwe kwanza. Fundi apime kipenyo cha ndani inchi 9 kutoka kwenye kitako cha mtutu, upande wa chemba, alinganishe na namba iliyogongwa, mfano .729 (inchi). Kikiwa kimepanuka kupita kiwango, ile NP haihesabiki tena. Kisha apime unene wa ukuta mtutu mzima. Ukikuta chini ya mm 0.5 popote, achana na chuma.

Mengine fanya mwenyewe. Elekeza mtutu mtupu kwenye mwanga uchungulie: kivuli cha pete ni uvimbe. Vua mitutu, ining'inize, igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, mbavu zimeshika. Ikitoa mlio wa kutetemeka, lehemu imeachia mahali.

Mitutu yenye mawimbi ya Damascus, ile ya zamani ya vyuma vilivyosokotwa pamoja, haipigi chuma, hata ikiwa na NP.

Bata_Maji: Mmesahau bata mwenyewe. Chuma ni gramu 7.8 kwa sentimita moja ya ujazo, risasi ni kama 11. Punje nyepesi hupoteza mwendo haraka, ndiyo maana wawindaji huchagua chuma kubwa kwa saizi mbili kuliko risasi waliyozoea. Lakini katriji ya kawaida ya geji 12 inaishia punje za mm 3.25, na kikombe chake cha plastiki kinachobeba punje lazima kiwe kinene ili chuma kisikwaruze mtutu. Utabaki na mapigo ya karibu tu, mita 30 hivi.

Mimi ningeweka punje za bismuthi, metali nyingine, mitutu yote miwili. Ina gramu 9.6, ni laini, inapita choki kamili, na katriji za mm 65 zinatengenezwa. Ni ghali, na punje nyingine hupasuka, lakini hutalazimika kukumbuka mtutu upi una nini bata wakiwa wameshapaa.

Kasiba12: Na nikipanua choki ya kushoto?

FundiMitutu: Chuma ya mtutu ikiondolewa hairudi, na mdomoni ukuta unaweza kuwa mwembamba tayari. Nunua bismuthi. Ukiwa na wasiwasi na boksi, fungua katriji moja, usogezee punje sumaku: chuma kitanasa, bismuthi haitanasa.