Maji ya shuleni na madini ya risasi: naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Mwanangu yuko darasa la pili, na pale watoto wote hunywa maji ya bomba la jengo la zamani. Juzi fundi akibadilisha koki aliniambia maungio ya ndani yamechomelewa kwa risasi. Tangu hapo sina raha, maana risasi haina ladha wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwalimu mkuu anasema maji "yanaonekana safi". Haya!

Kikomo cha WHO ni mikrogramu 10 kwa lita. Sampuli najua huchukuliwa asubuhi, maji yakiwa yamelala bombani usiku kucha. Je, mzazi anaweza kuipeleka mwenyewe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, au lazima shule iandike barua? Na nikisubiri majibu, nimfungashie mtoto maji ya nyumbani tu?