Wakuu, muonekano wa fimbo za gofu una maana au ni ushamba wangu?

Mzee_wa_Bogi: Wakuu habari za jioni. Natafuta seti ya aiani (zile fimbo za vichwa vya chuma) za mtumba, nimepata mbili bei karibu sawa. Moja bledi, nyembamba inang'aa kama kijiko kipya, nyingine ina tumbo nyuma na mgongo mnene, ukiiweka nyuma ya mpira unaona kabisa umeshika jembe. Handikapu yangu 24 (namba ikiwa kubwa ndo uwezo mdogo). Ile nene inapiga vizuri tu ila moyo unakataa, nifanyeje?

Kedi Mstaafu: 24 halafu unataka bledi? 😂 Chukua jembe lako mkuu. Hiyo uzito umepelekwa pembeni, ukikosa katikati mpira bado unasogea, bledi ukikosa utasikia mpaka kwenye kiwiko.

dada_wa_grini: Msimcheke jamani, ukisimama pale kitu unachokiona ni kichwa cha fimbo, ukikichukia mikono inakaza yenyewe. Mi niliuza draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, kisa rangi, nyeupe kama bakuli la hospitali, haikuwa na kosa lolote na aliyeinunua ananifunga nayo kila jumamosi pale uwanja wa Lugalo.

Tabu_Mchangani: Jack Nicklaus, yule bingwa wa Marekani, 1986 alichukua mashindano makubwa ya Masters na miaka 46 yake akitumia pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) ya kampuni ya MacGregor ina kichwa kikubwa balaa, baada ya hapo watu wakaigombania madukani, sijui ilipendeza lini.

Mzee_wa_Bogi: Haya nimelipia nene. Bledi nimeomba nipige nayo picha tu.