Skopu ya bunduki yangu haitii kliki na nimebakisha wiki mbili niende kuwinda, nisaidieni

MtuWaRongai:
Wazee habari za jioni. Niko na bunduki ya .308 ya bolti, leseni iko sawa, na mwisho wa mwezi nimealikwa kuwinda Tanzania, swala pala na nyumbu nikibahatika, vibali mwenyeji anashughulikia. Jumamosi nikaenda rengi Stoni Athi, bunduki juu ya vifuko vya mchanga, mita 100. Tatu za kwanza zikaingia chini kidogo, nikazungusha nobu ya juu kliki nane, hii skopu kila kliki ni robo MOA (MOA moja ni karibu sentimita tatu kwa mita 100) kwa hivyo nilitarajia ipande karibu sentimita sita. Nikapiga, shimo liko pale pale. Nikaongeza nne, bado. Iliyofuata ikaruka juu kama imetumwa. Kutoka hapo ni vurugu tu, nikamaliza paketi ya 20 nikizungusha juu chini kushoto kulia, karatasi ikawa kama imepigwa na shotigani. Nilikoinunua wananiambia shida ni bega langu. Ni mimi kweli?

GogoLaMoto:
Kuwinda tena? Si kulifungwa Kenya 1977

MtuWaRongai:
Tanzania bana, soma tena

MzeeKobe:
Kijana kosa lako la kwanza ni kufukuza mashimo na nobu. Ukizungusha kila ukipiga huwezi kujua ni skopu, ni bunduki ama ni wewe. Wacha nobu kabisa. Chukua noti ya mia, ipitishe kati ya mtutu na mbao kutoka mbele ukirudi nyuma, ikikwama mbao inagusa mtutu na ukipata moto risasi zitatembea. Halafu skrubu zote, za ringi zinazoshika skopu, za beisi ringi zinapokaa, na zile mbili za chini zinazoshika bunduki na kitako, hizo watu husahau. Ukikuta imelegea toa, pangusa mafuta na spiriti, rudisha pole pole bila kukaza kama nati ya gurudumu, ukikaza sana unabonyeza bomba la skopu na hapo ndani vitu vinakwama. Ukimaliza chora kila skrubu mstari na kutex ya mama watoto, ikizunguka utaona.
Na upige tatu, uache ipoe. Paketi nzima mfululizo ni kuchoma pesa.

BintiSyokimau:
Mzee amesema, mimi naongeza tu kwamba kliki zisizofanya kitu halafu zikaruka zote mara moja, hiyo ni skopu, sio bega. Karatasi ndefu, mstari wima kwa kamba yenye uzito, lenga alama moja ya chini siku yote. Piga tatu, panda kliki 40, piga tatu, shuka 40, piga tatu. Mita 100 kliki 40 ni sentimita 29. Isipofika au isiporudi ilikoanzia umepata jibu.

MtuWaRongai:
Nimerudi wazee. Noti ilipita bila shida. Skrubu ya ringi ya mbele nusu mzunguko nilizungusha na vidole 😭 Nikasafisha nikakaza nikarudi leo. Sasa risasi zinakaa pamoja, sentimita nne, kwa hivyo bega langu liko salama asanteni. Lakini kliki 40 zimenipa 21 tu, na kushuka hazikurudi, zilibaki juu sentimita tano hivi. Naiwacha kwa zero, pale risasi inaingia nilipolenga, nisiiguse?

MzeeKobe:
Hapana. Skopu ya kurudi nusu njia inaweza kuhama na mateke ya bunduki tu hata kama hujaigusa. Azima nyingine unayojua inafanya kazi, hata ya zamani ya 4x isiyo na mbwembwe.

MtuWaRongai:
Binamu yangu iko na moja, naifunga kesho asubuhi.

BintiSyokimau:
Sawa, beba na risasi za paketi ile ile utakayopigia zero. Ukifika kambini kabla ya kitu kingine omba upige tatu kwa karatasi, ile barabara ya vumbi hutingisha kila kitu. Na angalia mistari ya kutex.

GogoLaMoto:
Mama watoto anajua kutex yake iko wapi?

MtuWaRongai:
Ameniuliza mara mbili